Jibu Lililokuwa Zuri Mno

Mpwa wangu alipomaliza kujibu aliweka mikono mezani, akanitazama akisubiri alama zake. Swali lilikuwa lile ambalo kila mwombaji wa udaktari hulitarajia: kwa nini unataka kuwa daktari? Alikuwa amelijibu kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kukwama popote. Alieleza jinsi bibi yake alivyopata kiharusi huko Mafinga, jinsi alivyopakiwa kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili ili asianguke, jinsi muuguzi wa zamu alivyowapokea usiku ule, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa bado shule ya msingi, alivyoapa moyoni kwamba siku moja angevaa koti jeupe.

Bibi huyo ni mama yangu mzazi.

Nilikuwapo. Mtu aliyemshikilia mgonjwa kwa nyuma kwenye ile bodaboda ni mimi. Ukiacha kile kiapo cha moyoni, ambacho sina namna ya kukithibitisha, kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Hata hivyo nilimsikiliza hadi mwisho nisimwamini, na jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki nyingi: iweje ukweli ninaoujua kwa macho yangu unifikie kama tangazo la redio?

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilicho nje kidogo ya jiji la Mbeya. Dada yangu alimleta binti yake kwangu, Uyole, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtandao wa hapa hautetereki sana, na usaili wenyewe, wa chuo kimoja cha Uingereza, ungefanyika kwa video. Ya pili ni imani yake kwamba mtu yeyote anayetembea na stetoskopu shingoni anazijua njia zote za kuingilia chuo cha udaktari. Mimi nilisoma stashahada, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nyumbani hatusailiwi

Kwetu mambo yako wazi. Unafanya mtihani wa kidato cha sita, unapata alama zako za Fizikia, Kemia na Baiolojia, unaomba, kisha unasubiri orodha. Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963 kwa jina la Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, huwapata vijana wake kwa alama, na vilivyokuja baadaye, pamoja na kile cha hapa Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufanya vivyo hivyo.

Kwa muda mrefu niliuona utaratibu huo kuwa mkavu. Unampa nafasi ya kushika miili ya watu kijana ambaye hujawahi hata kusikia sauti yake. Lakini nilipoanza kumwandaa binti huyu, na kuona ni kiasi gani cha usaili kinategemea fulana uliyovaa, taa iliyo nyuma yako na Kiingereza cha shule uliyosomeshwa, nilianza kuuheshimu ule ukavu. Karatasi ya mtihani haijui kama baba yako ni mbunge au mchoma mkaa wa Mufindi. Haikuangalii usoni.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kiliniongezea wasiwasi. Mwaka 1979 bunge la jimbo la Texas lilikiagiza chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Houston kiongeze nafasi za mwaka wa kwanza kutoka 150 hadi 200, na agizo lilikuja wakati chuo kilikuwa kimeshachagua watu wake kwa usaili. Wale bora waliobaki walikuwa wameshachukuliwa na vyuo vingine, hivyo chuo kikalazimika kurudi chini kabisa ya orodha na kuwachukua waombaji 50 ambao wasaili walikuwa wamewaweka mkiani. Watafiti waliwafuatilia wote, na walipochapisha matokeo mwaka 1987 hawakuona tofauti yoyote ya maana kati ya wale waliopendwa na wale waliokataliwa, si darasani, si wodini, si katika idadi ya walioacha masomo.

Nilimsomea mpwa wangu kisa hicho nikidhani kitampunguzia hofu. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, "Sasa Mjomba, kama usaili haupimi kitu, sisi tunajiandaa kwa ajili gani?"

Milango mingi

Wenye vyuo nao walikuwa wameliona tatizo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, kilijaribu njia nyingine. Badala ya mwombaji kuketi mbele ya jopo moja kwa muda mrefu, hupitishwa kwenye vituo vifupi kadhaa, kila kituo na msaili wake na jambo lake. Mlangoni anasoma mkasa kwa dakika mbili hivi, anaingia, anauzungumzia kwa dakika chache, kengele inalia, anahamia mlango unaofuata. Matokeo ya majaribio hayo yalichapishwa mwaka 2004, na tangu hapo vyuo vingi vya Kanada, Uingereza na Australia vimeufuata mtindo huo. Mantiki yake ni nyepesi: msaili mmoja akikuchukia kwa sababu sura yako imemkumbusha shemeji yake, wale wa vituo vingine hawana habari na shemeji huyo.

Chuo cha Uingereza alichoomba mpwa wangu nacho kinasaili kwa vituo. Kwa mwombaji wa mbali, milango imekuwa vyumba vya video, basi.

Nilipokaa kusoma jinsi alama zinavyotolewa, nilianza kuelewa kilichonisumbua katika lile jibu la bibi. Katika vituo vingi msaili hana jibu moja analolitafuta. Anataka kumwona mtu akiligeuza jambo, akilitazama upande wa pili, akikiri pale asipojua, akibadili msimamo akipewa habari mpya. Anataka kusikia mawazo yakiwa bado jikoni.

Na hicho ndicho binti yetu hajafundishwa, kama nisivyofundishwa mimi. Shule zetu zimemfanya awe hodari wa kuleta jibu likiwa limeiva. Mtihani wa taifa husahihishwa kwa mwongozo: hoja ikiwemo unapata, isipokuwemo unakosa, na njia uliyopita kichwani kuifikia haina alama. Mtoto mwenye akili ni yule anayenyamaza hadi awe na uhakika, kisha akinyoosha kidole anasema mara moja na kwa usahihi. Alikuwa amekichukua kiharusi cha bibi yake akakitengeneza kwa njia hiyohiyo: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Hapakubaki mahali ambapo msikilizaji angeweza kuingia na kuuliza kitu.

Malaria

Swali la pili nililompa lilikuwa jepesi. Taja tatizo kubwa la afya katika jamii yako na ueleze lingeshughulikiwaje.

"Malaria," alisema papo hapo, akaendelea na vyandarua, madimbwi na dawa mseto.

Sasa, huyu ni mtoto wa Mafinga. Asubuhi ya Julai kwao watu hutoka na makoti mazito, na mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa hapa nchini. Sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba siku ya kliniki ya watoto aje kazini kwangu, akae kwenye benchi pamoja na akina mama, asiandike chochote.

Alikaa. Watoto walikuwa wanaingizwa mmoja mmoja kwenye ile kaptura ya kupimia uzito, wananing'inia kwenye ndoano ya mizani wakilia, muuguzi anasoma namba, kadi inawekewa nukta. Pembeni yake aliketi mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kiume mchangamfu, mwenye mashavu, ambaye alikuwa akichezea kamba za viatu vya kila mtu. Mpwa wangu alimkadiria kuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipouliza, mama akamjibu kwamba mwezi ujao anatimiza miaka mitatu. Kadi yake ilikuwa na nukta za uzito zilizotembea ukingoni mwa eneo la kijani, lile la uzito unaotosha, bila kutisha. Urefu haukuwa umeandikwa.

Jioni hiyo hakutaka kufanya mazoezi ya maswali. Aliniuliza mambo. Kwa nini uzito unapimwa kila mwezi na urefu mara chache? Yule mama analima mahindi na viazi, ana ng'ombe mmoja, sasa mtoto amekosa nini? Nilimweleza habari ambazo kila mtu wa afya wa nyanda hizi anazijua na hazijawahi kuacha kutuumiza: kwamba katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na kwamba mkoa ulioongoza haukuwa wa ukame wala njaa. Ulikuwa Iringa, kwa takriban asilimia 57, Njombe ikifuata kwa asilimia kama 50. Tunalisha nchi nzima, na watoto wetu ni wafupi kuliko umri wao.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kuongea, kwa Kiswahili, ovyoovyo, akirudi nyuma na kujisahihisha. Alisema yule mtoto anashinda na dada yake wa miaka tisa mama akiwa shambani. Kwamba uji wa sembe na sukari unamshibisha, ndiyo maana ana mashavu na hakuna anayeshtuka. Kwamba maziwa na maharage vinauzwa kwa sababu ndivyo vinavyoleta fedha ya ada. Kwamba hajui kama ukimwambia mama huyo ampe mtoto mayai utakuwa umemsaidia au umemtukana. Halafu akasema, "Lakini Mjomba, hapa sina jibu."

Lilikuwa jibu la kwanza nililomwamini.

Mtoto wa kwanza wa mgonjwa

Hapa ndipo tulipokaa kuliko popote, na ndipo ninapobaki na mashaka hadi leo.

Mkasa ni wa kawaida katika usaili wa udaktari. Mama wa makamo amepimwa, majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa yamerudi, ana saratani ya mlango wa kizazi. Kabla hajaingia kwa daktari, watoto wake wanaomba asiambiwe. Utafanya nini?

Mpwa wangu alizijua zile nguzo nne za maadili ya udaktari kwa moyo: uhuru wa mgonjwa kujiamulia, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Alizitaja zote na akatoa hukumu: mgonjwa ni mtu mzima, ana akili timamu, aambiwe. Akaongeza kwamba huko Uingereza jambo hilo lina mizizi ya kisheria, akanitajia hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2015 katika shauri la Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari iliyokuwapo ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Mtoto alizaliwa mwaka 1999 akapata ulemavu. Mahakama ilisema daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika nafasi yake angeziona kuwa muhimu, ili mgonjwa mwenyewe aamue.

Yote sahihi. Nikamwambia, "Vizuri. Mimi sasa ni mtoto wa kwanza wa huyo mama. Nimekufuata mlangoni."

Nikasimama. Nikaegemea mlango wa sebuleni kama wanavyoegemea, bega moja, kofia mkononi, nikashusha sauti. "Daktari, samahani. Mama yetu ana presha. Baba tumemzika juzi tu. Ukimwambia habari hii atatufia mikononi. Sisi tutamtibu, hata kama ni hospitali ya saratani ya Ocean Road tutampeleka, tutauza shamba. Ila usimwambie."

Alianza kunieleza haki za mgonjwa. Nikamsikiliza kwa heshima, kisha nikasema tena, "Usimwambie." Alijaribu kwa njia nyingine, akanieleza kanuni za taaluma. Nikaanza kulia, na si kwa kuigiza sana, maana nimewaona vijana hao wengi mno. Hapo akasimama. Akaniambia, "Kaka, njoo tukae." Tukakaa. Akauliza, "Mama mwenyewe anadhani anaumwa nini?"

Sikuwa nimemfundisha swali hilo. Matabibu wengine huchukua miaka kulifikia.

Akaendelea: mama amewahi kusema anapenda aelezwe, au anapenda ninyi mwelezwe kwa niaba yake? Kuna mtu anayemwamini zaidi? Akaniambia kwamba hataingia ndani na kumtupia neno saratani. Ataanza kwa kumuuliza mama angependa kujua kiasi gani, na mama akisema "mwambie mwanangu," basi huo nao ni uamuzi wake na atauheshimu. Lakini mama akimuuliza ana kwa ana, hatamdanganya. "Na wewe kaka nitapenda uwepo, kama mama ataridhia."

Baadaye tulipokuwa tunakula alinigeuzia swali. "Mjomba, wewe kituoni unafanyaje?"

Nilimjibu kama mambo yalivyo. Hapa kwetu mara nyingi mtoto wa kwanza ndiye anayelipa nauli ya rufaa, na asiyeyajua majibu hatatafuta nauli hiyo. Mgonjwa akishuka kwenye basi Dar es Salaam peke yake na siri yake, hafiki kwenye mionzi. Naona hukumu za London ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kuchangisha ukoo kwa ajili ya tiketi ya basi. Binti akanisikiliza, kisha akasema kwamba hilo ni sababu ya kumwomba mama ruhusa ya kuwaeleza watoto, si sababu ya kumruka mama. Nilitafuta la kusema, na kwa kweli bado nalitafuta.

Shaka yangu ilikuwa moja. Je, ninamfundisha kuwapendeza wazungu kwa maneno wanayoyataka, halafu akirudi huku ayaache uwanja wa ndege? Niliamua kutomwambia ajibu lipi. Kama ataamini kwamba mama aambiwe, aamini hivyo mbele ya kijana anayelia mlangoni pangu, wala si mbele ya kamera tu.

Mengineyo

Habari ya mavazi, taa na bando nisiieleze sana. Tuliazima betri ya jua kwa jirani kwa sababu ya mvua za Januari na umeme wake, tukafunga jogoo kwenye banda la mbali.

Utani ulikuwapo pia. Kwenye mifano ya maswali inayozunguka mtandaoni upo mkasa maarufu wa mtu aliyemgonga paka wa jirani kwa gari akiwa anarudi nyuma, naye lazima aende kumweleza jirani huyo. Dada yangu alipousikia kwenye simu alicheka hadi akashindwa kuongea. Paka! Lakini binti aliufanya kwa makini kuliko mama yake alivyotarajia. Alisema uchungu wa mtu hupimwa na mwenyewe.

Swali nililoliogopa zaidi ni lile la kurudi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo uhaba wa watumishi wa afya ni mkubwa kiasi kwamba nchi tajiri zinaaswa zisizifuate kuajiri. Mtoto wa huku akisema kwenye usaili kwamba atarudi, kila mtu atatikisa kichwa kwa furaha, na hakuna atakayemshika kwa neno hilo. Nilimuuliza. Akasema hajui, na kwamba akiulizwa atasema hajui na ataeleza kinachomvuta kila upande: yule mtoto wa kliniki, mkopo, mama yake, mashine ambazo angependa kujifunza kuzitumia. Nilitaka kumwambia hilo ni hatari. Nikaacha.

Lile jibu la bibi tulilivunja. Siku moja kabla ya usaili nilimuuliza tena kwa nini udaktari, akafikiri, akasema kwamba usiku ule muuguzi alimpa bibi kikombe cha maji na bibi akapaliwa, na kwamba miaka mingi baadaye alisoma kuwa mgonjwa wa kiharusi hupimwa kwanza kama anaweza kumeza. Muuguzi alikuwa mwema sana na hakujua. Tangu asome hivyo amekuwa akijiuliza ni mambo mangapi watu wema hawayajui. Alisema hivyo akikwama mara mbili, na hakuwa na hitimisho.

Baada ya vituo

Usaili ulikwisha mchana. Alitoka chumbani, akaomba chai.

"Vipi?"

"Nzuri, Mjomba."

"Wamekuuliza nini?"

"Tumeahidi kutosema. Kuna wengine hawajasailiwa."

Nilidhani ni mzaha. Mama yake alipopiga simu kutoka Mafinga alijibiwa hivyohivyo, akambembeleza, akamgombeza, akamkumbusha ni nani aliyemzaa. "Ndiyo mama," binti akasema kwa upole, na hakuongeza neno. Dada akanipigia mimi: "Kaka, muulize wewe, wewe si mtu wa hospitali? Kwako atasema." Nilimwambia majibu yatakuja kwa barua pepe, na kama hayatakuwa mazuri, dirisha la udahili la hapa nyumbani litafunguliwa katikati ya mwaka kama kawaida.

Barua pepe haijafika hadi ninapoandika haya. Juzi nilijaribu mara ya mwisho, kwa kuvizia: nikamuuliza kama angalau paka alikuwapo. Akacheka, akaniambia nimsogezee sukari.